Kinachobaki Baada ya Hesabu

Hotuba kwa mafundi magari, madereva, wauza spea na wanafunzi, jijini Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mafundi, madereva na makonda, wenye maduka ya spea, na ninyi wanafunzi mliokaa huku mbele na madaftari yenu, habari za mchana. Kwa kunialika, ndaga fijo.

Nianze na kikao kimoja kilichofanyika katika mji mmoja wa nyanda zetu hizi, ambao sitautaja. Mafundi walikuwa wameambiwa waondoke kwenye eneo la gereji walilokaa zaidi ya miaka ishirini, waende nje ya mji mahali ambapo umeme haujafika na hata gari bovu halivutiki kwa sababu ya ubovu wa njia. Ofisa aliyeongoza kikao hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali la haki: "Ninyi mnachangia kiasi gani kwenye uchumi wa mji huu?" Mzee mmoja, fundi wa injini za dizeli, akasimama akasema, "Mheshimiwa, sisi ni wengi sana." Mwingine akasema, "Tunasomesha watoto." Yote mawili ni kweli. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na ofisa yule, nikaona kalamu yake haikuandika kitu. Upande wa pili walikuwepo waliotaka kujenga maduka pale. Wao walikuja na karatasi mbili zenye tarakimu, na tarakimu hizo ndizo zilizoingia kwenye muhtasari wa kikao.

Swali la ofisa yule sijalisahau. Mimi ni mwalimu wa uchumi, na baba yangu alikuwa fundi. Nilipaswa kuwa na jibu siku ile, na sikuwa nalo. Leo nimekuja kulijibu mbele yenu.

Duniani wapo wanaolijibu swali hili kila mwaka, tena kwa sauti kubwa. Ni wenye viwanda vya magari. Ujerumani kwa miaka mingi kumekuwa na msemo kwamba kazi moja katika kila saba inategemea gari. Msemo huo umetumika bungeni, kwenye magazeti na kwenye mazungumzo ya kodi. Sasa tupige hesabu. Wajerumani wenye kazi ni milioni 45 hivi. Moja ya saba yake ni zaidi ya milioni 6. Lakini viwanda vya magari na vya vipuri vyenyewe vinaajiri watu wasiofika laki nane. Hao milioni tano na zaidi wengine wametokea wapi?

Jibu linaonekana vizuri zaidi Japani, maana wenzetu wale wanachapisha mchanganuo. Chama cha watengenezaji magari cha Japani husema watu milioni 5 na nusu hivi wanafanya kazi zinazohusiana na gari. Ukifungua mchanganuo, wanaotengeneza magari na vipuri hawafiki milioni moja. Kundi kubwa kuliko yote, milioni 2.7 hivi, ni la wanaolitumia gari kazini: madereva wa malori, wa mabasi, wa teksi na wenzao. Halafu kuna wauzaji, mafundi, wahudumu wa sheli, watu wa bima.

Sijasema wamedanganya, wamehesabu watu waliopo kweli. Nauliza kitu kimoja tu: viwanda vya magari vya Japani vikifungwa kesho asubuhi, dereva wa lori wa Osaka atakosa kazi? Anayeweza kulijibu swali hilo vizuri kuliko profesa yeyote ni dereva wa Mbeya. Tanzania tunaunganisha malori kidogo pale Kibaha, na Kibaha hiyohiyo upo Nyumbu, mradi wa jeshi wa kuunda magari. Lakini karibu kila gari linalopita Mafiati sasa hivi tukiongea limeingia nchini kwa meli. Kiwanda cha gari hapa hatuna, na madereva tunao tele. Kazi ya dereva inategemea kuwepo kwa gari, barabara, mzigo na fundi. Kiwanda kinaweza kuwa Nagoya na yeye akaendesha Chimala.

Kwa hiyo kabla ya kukubali tarakimu yoyote kuhusu umuhimu wa sekta ya magari, iwe ya Mjerumani au yetu, yapo maswali mawili. La kwanza: katika fedha zote zinazopita, kiasi gani kinabaki? La pili: kama sekta hii isingekuwepo, nini kingekwama, na watu wangefanya nini badala yake?

Swali la kwanza makonda wanalijua vizuri. Konda wa Hiace ya Uyole kwenda Mbalizi jioni anaweza kushika laki moja na nusu mkononi. Hakuna konda anayefika nyumbani akamwambia mkewe, "Leo nimepata laki na nusu." Anajua kuna mafuta, kuna hesabu ya bosi, kuna ushuru wa stendi, kuna deiwaka aliyeshika gari mchana wakati yeye anakula. Sisi wachumi tunakubaliana naye nusu. Mafuta tunayatoa, maana hayo ni jasho la mtu mwingine, na sehemu kubwa ya mtu huyo haipo Tanzania. Mafuta yote ya petroli na dizeli tunayaagiza nje. Hesabu ya bosi hatuitoi, kwa sababu bosi naye ni mtu wa hapahapa na hilo ni pato lake, ingawa akae akijua kwamba ndani ya hesabu anayopelekewa kila siku kuna kipande cha gari lake linaloliwa polepole. Mauzo ukitoa ulivyonunua kwa wengine ili ufanye kazi, hicho kinaitwa ongezeko la thamani. Ukijumlisha ongezeko la thamani la kila mtu na kila kampuni nchini, pamoja na kodi za bidhaa, unapata Pato la Taifa. Konda akijumlisha mauzo ya Hiace zote za Mbeya atapata tarakimu kubwa ya kutisha, na haitakuwa tarakimu ya uchumi.

Nilikaa gereji moja karibu na Kabwe siku nzima kulifuatilia jambo hili kwenye gari moja tu. Lilikuwa Canter la kubeba ndizi kutoka Kiwira, limeunguza klachi kwenye kupanda. Fundi na kijana wake wa spana waliingia chini saa mbili asubuhi, wakateremsha gia boksi juu ya tairi kuukuu, wakatoa klachi pleti nyembamba kama chapati, inanuka moto. Kufikia saa tisa Canter lilikuwa linanguruma. Tarakimu nitakazotaja nimezilainisha ziwe rahisi kushika kichwani.

Mwenye gari alilipa 480,000. Ndani yake, klachi pleti, presha pleti na beringi ni 380,000, na ufundi ni 100,000. Mwenye duka la spea alizinunua Kariakoo kwa 310,000, akalipa 10,000 kuzisafirisha kwenye basi. Mwagizaji wa Kariakoo alimlipa muuzaji wa nje 220,000, akalipa ushuru na gharama za bandari 50,000, akabakiwa na 40,000.

Sasa nimwite mtu anayependa tarakimu kubwa. Atasema mwagizaji ameuza 310,000, duka limeuza 380,000, gereji imetoza 480,000. Jumla ni 1,170,000! Fedha hizo hazijawahi kuwepo. Klachi ileile imehesabiwa mara tatu. Mwenye hesabu ya kawaida atasema 480,000, na hiyo ndiyo fedha iliyotoka mfukoni kweli. Ukiuliza kilichobaki Tanzania, toa 220,000 zilizovuka bahari, zinabaki 260,000. Ukiuliza kilichobaki Mbeya, ni 60,000 za duka na 100,000 za gereji. Laki moja na elfu sitini. Na hata hapo bado mwenye eneo na mtu wa umeme hawajachukua chao kwenye ile laki ya fundi.

Klachi moja, siku moja, na majibu manne. Yote manne unaweza kuyaandika kwenye karatasi ukaweka muhuri. Wanafunzi wangu, siku mtakapoletewa ripoti inayosema sekta fulani "ina thamani ya" mabilioni kadhaa, ulizeni kwanza ni jibu lipi kati ya haya manne.

Tazameni tena kitu kingine humo ndani. Ufundi ni laki moja tu katika bili nzima, fungu dogo. Lakini katika kilichobaki Mbeya, laki hiyo ndiyo fungu kubwa. Ukipima kwa mafungu ya bili, duka la spea ni kubwa kuliko gereji karibu mara nne. Ukipima kwa kinachobaki hapa, gereji inalishinda duka. Mzee wetu wa dizeli alikuwa na hoja ya kumpa ofisa yule, ila hakuwa na mahali alipoiandika.

Kuunganisha minyororo ya namna hii kwa nchi nzima kuna jedwali lake. Mchumi Wassily Leontief, aliyekulia Urusi akaja kufundisha Marekani, alichapisha la Marekani mwaka 1936, na mwaka 1973 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ni kama daftari kubwa la madeni: kila mstari unaonyesha sekta moja imemuuzia nani, kila safu inaonyesha imenunua kwa nani. Kutoka humo wachumi hupata vizidishi, yaani shilingi moja ikiongezeka hapa, shilingi ngapi zitaamka kule. Ni chombo kizuri, lakini kina mtego. Mtu wa magari atasema ndizi za Kiwira zinafika sokoni kwa ajili yake, azidai zote. Mkulima wa ndizi naye akija na mchumi wake atasema Canter lina kazi kwa ajili ya ndizi zake, alidai Canter. Kila sekta ikidai mnyororo wake wote, jumla ya madai itaizidi nchi yenyewe mara kadhaa. Afrika Kusini wanajaribu kuwa waangalifu kidogo: kwa mwaka 2022 sekta yao ya magari ilitajwa kuwa asilimia 4.9 ya pato la nchi, lakini wakatenganisha kwamba 2.9 ni utengenezaji na 2.0 ni uuzaji wa rejareja. Msomaji anaona mwenyewe kiwanda kiko wapi na duka liko wapi.

Sasa kuna kikwazo ambacho mafundi wengi hawakijui. Takwimu za nchi hupangwa kwa mafungu ya kimataifa. Katika toleo la nne la mpangilio huo, kuunda magari na matela ni fungu la 29, chini ya viwanda. Kutengeneza gari bovu ni fungu la 45, na fungu hilo limewekwa pamoja na biashara, ndiyo maana kwenye taarifa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu mnasoma "biashara ya jumla na rejareja, matengenezo ya magari" kwa pumzi moja. Kuendesha lori ni fungu la 49, usafirishaji. Betri iko 27. Pikipiki inapoundwa iko 30. Tairi iko 22, na kuliwekea tairi kuukuu mpira mpya ni 22 vilevile, lakini kuziba pancha ni 45. Tairi hilohilo likifa, likachongwa katambuga pale sokoni, limehamia fungu la 15 pamoja na viatu vya ngozi.

Namfahamu fundi wa kuchomelea ambaye asubuhi huunda tela la trekta kwa ajili ya wakulima wa mpunga wa Usangu, mchana hunyoosha chesisi ya Fuso iliyopinda. Asubuhi ni mwenye kiwanda, mchana ni mfanyabiashara. Dodoso likija litamuuliza shughuli yake kuu, atajibu "gereji," na matela yake yote yatazama kwenye biashara. Mtu akisoma takwimu akaona viwanda vya magari Nyanda za Juu Kusini ni sifuri au karibu na sifuri, asiseme Mbeya hakuna kinachoundwa. Kinaundwa, ila hakijapata safu yake.

Nije kwenye swali la pili, la nini kingekwama. Nalipenda zaidi, na barabara inayopita hapo nje ndiyo iliyonifundisha.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, na mafuta yake na shaba yake vilikuwa vikipita Rhodesia kwa reli. Njia ile ilipokuwa ya mashaka, mafuta ya Zambia yalianza kupitishwa huku kwetu, kwenye mapipa, juu ya malori, kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, Makambako, Mbeya na Tunduma. Barabara haikuwa na lami sehemu kubwa. Masika ilikuwa matope hadi kwenye ekseli, kiangazi vumbi lisiloonyesha lori lililo mbele, na madereva wa kigeni wakaipachika jina lenye neno jehanamu ndani yake. Mwaka 1966 nchi hizi mbili ziliunda kampuni ya pamoja ya malori. Wazee waliokuwa watoto wakati huo hapa Mbeya wanakumbuka malori ya Fiat yakiwa yamepangana.

Ukitaka kupima umuhimu wa lori kwenye uchumi wa nchi, pima miaka ile. Bila lori lililopita Mbeya, migodi ya Zambia ingekosa mafuta. Thamani yake ilikuwa kubwa kuliko nauli yoyote iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Kisha mwaka 1968 bomba la mafuta la Tazama likaanza kufanya kazi. Barabara ikatiwa lami. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakamilika mwaka 1975. Kila njia mpya ilipofunguka, umuhimu wa lori kwa Zambia ulishuka, hata kama idadi ya malori isingepungua hata moja, kwa sababu sasa palikuwa na njia nyingine ya kufanya kazi ileile. Na reli ilipodhoofika, umuhimu ukapanda tena. Foleni ya Tunduma mnaijua.

Mmarekani Robert Fogel alitumia fikra hii mwaka 1964. Kwao kila mtu aliamini kwamba bila reli Marekani isingekuwa Marekani. Yeye akauliza: mwaka 1890 kama reli zisingekuwepo, mazao yangesafirishwa kwa mifereji na mikokoteni kwa gharama gani zaidi? Akahesabu, akakuta tofauti ni asilimia chache tu za pato la mwaka. Wengi walimkasirikia. Mwaka 1993 naye alipata Nobel.

Mkikipeleka kipimo hicho kwenye Canter letu, kinatunyenyekeza kwanza. Canter lile lisingekuwepo, ndizi za Kiwira zingepanda Canter jingine, kwa bei ya juu kidogo na kwa kuchelewa. Umuhimu wake ni ile tofauti. Ndizi zote haziwezi kuwa zake. Lakini kipimeni kwa mafundi wote wa Mbeya kwa pamoja. Tuseme hakuna gereji kati ya Makambako na Tunduma. Gari likiunguza klachi linavutwa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, au linasubiri fundi apande basi na spea mapajani. Hapo ndizi zimeiva, zimeoza. Maziwa ya Rungwe yamemwagwa. Nauli inapanda, na nauli ikipanda kila mtu anaisikia: kwenye kapu ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulitumia kupima mfumuko wa bei, usafiri peke yake una uzito wa asilimia 14 hivi. Reli ikipona, lori la shaba litapungua umuhimu, na mimi nitafurahi, maana barabara zetu zitapumua. Lakini hakuna reli inayopanda Kiwira. Fundi wa Canter la ndizi hana mbadala.

Mtu anaweza kuniuliza kuhusu nchi iliyokuwa na viwanda ikavifunga. Ipo. Australia: Ford ilisimamisha kuunda magari Oktoba 2016, Toyota na Holden Oktoba 2017. Wengi walitabiri uchumi utapata pigo kubwa. Mwaka uliofuata ukosefu wa ajira nchini humo ulibaki karibu asilimia 5, kama hakuna kilichotokea. Lakini katika kitongoji cha Elizabeth, kule Adelaide, ambako kiwanda cha Holden kilikuwepo, watu walipoteza kazi walizozifanya maisha yao yote. Wastani wa taifa ulikuwa sawa, na mtaa ule haukuwa sawa. Kwa hiyo naomba anayepima gereji za Mbeya azipime kwa Mbeya. Akizigawanya kwa Tanzania nzima zitaonekana vumbi.

Kuhusu kodi nitasema kidogo. Serikali huipenda sekta hii kwa sababu ya kodi, na ni kweli inalipa. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Ilikuwa ahueni kwa mwenye gari bovu lililoegeshwa, na mzigo kwa anayetembea kila siku, na kwa mkulima wa Mbarali mwenye pampu ya dizeli ambaye hana hata gari. Lakini kodi ni sehemu ya kile kilichokwisha kuhesabiwa. Mtu akitaja mchango kwenye Pato la Taifa, ambalo tayari lina kodi ndani yake, kisha akajumlisha kodi tena pembeni kana kwamba ni mchango mwingine, mrudisheni.

Kuna upande mmoja siwezi kuupita hapa Mbeya, na naomba tuutaje kwa heshima. Mlima Iwambi. Mlima Nyoka. Inyala. Senjele. Hakuna mtu ndani ya ukumbi huu ambaye hajasindikiza jeneza lililotoka kwenye mojawapo ya miteremko hiyo. Lori likikosa breki likaua, Pato la Taifa halishuki siku hiyo. Gari la kuvuta limelipwa, hospitali imetoa huduma, bodi mpya imenunuliwa, vyote vimeandikwa kama uzalishaji. Mama aliyekuwa akiuza parachichi pembeni ya barabara hayumo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ajali za barabarani huzigharimu nchi nyingi asilimia 3 hivi ya pato lao. Tukipima umuhimu wa magari bila kutoa hicho, tumehesabu mauzo ya konda tukasahau mafuta. Na fundi anayekataa kufunga breki feki, akamwambia mwenye gari aende kwingine kama hataki, thamani yake haionekani popote katika hesabu za taifa. Ninawajua watatu wa namna hiyo, wawili wamo humu ndani.

Basi tufanye nini? Nimewaambia viongozi wenu, nawaambia nanyi: kila gereji iwe na daftari. Andikeni gari na tatizo lake. Andikeni spea imenunuliwa wapi na kwa bei gani, mbali na ufundi, msichanganye. Kama kitu mmekiunda wenyewe, bushi mmeikereza, tela mmelichomelea, kipeni mstari wake. Andikeni na vijana wa spana, hata wale msiowalipa chochote zaidi ya chakula cha mchana, maana wanajifunza kazi na hakuna chuo kinachowaandika. Na andikeni siku ambazo gari lilisimama, tangu lilipoharibika hadi lilipotoka. Gereji hamsini zikifanya hivyo miezi sita, mimi na wanafunzi hawa tutajumlisha bila malipo, na siku mkiitwa kwenye kikao mtakuwa na karatasi ya kuweka mezani.

Wazo la siku za kusimama sikulitoa kwenye kitabu. Baba yangu alianza gereji Mwanjelwa, na miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka na spea zikawa hazipatikani, alikuwa akifanya kazi ambazo leo hakuna anayezifanya. Malori yalikaa juu ya mawe miezi. Alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake la spana daftari la madeni, jalada limeliwa na oili. Kuna ukurasa wa mwaka 1984. Ameandika kwa penseli: Bedford ya mahindi, bushi za springi nimekata kwa tairi, amelipa shilingi 200 na madebe mawili ya mahindi. Pembeni kabisa, nje ya mstari, ameandika tarakimu peke yake: 9. Chini yake gari jingine, 4. Jingine, 17.

Miaka mingi sikujua tarakimu hizo ni nini. Hazikuwa fedha, wala hazikulingana na tarehe. Mwaka juzi nilimpelekea mzee mmoja aliyefanya kazi naye, akavaa miwani, akasoma ukurasa mmoja, akaniambia, "Hizo ni siku. Baba yako alikuwa akihesabu gari limelala siku ngapi mahindi yakiwa shambani."

Daftari lenyewe nimekuja nalo, liko pale mezani karibu na chai. Kurasa zimekuwa laini sana, kwa hiyo mkilifungua mshike kwa ncha za vidole. Ukurasa wa Bedford nimeuwekea uzi mwekundu.